Tumesogeza Wiki Moja Tu

Juzi alasiri nimekaa zangu Mkunguni, uwanja wa mji wetu wa Lamu, mgongo kwenye ukuta wa Ngome, kikombe cha kahawa chungu mkononi, mara kijana wetu mpya wa lokesheni akaja mbio na simu. "Anti, habari njema! Onyesho la magofu ya Takwa halijafutwa. Tumesogeza wiki moja tu."

Wiki moja tu. Kahawa ilinipalia. Nikamuuliza, wiki ijayo siku hiyo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame? Akaperuzi simu, akanitajia tarehe ya Kizungu, akaongeza kwamba mvua hakuna, jua tele. Nikamwambia akae chini. Haya ninayoyaandika ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyobaki kooni kwa sababu adhana ya magharibi ilitukatiza.

Ninyi mlioingia kwenye kru mwaka huu mmeikuta sehemu ya tatu ya filamu yetu ina fedha, ina ratiba na ina fulana zenye jina mgongoni. Hongereni. Sehemu ya pili ilitula miaka 11. Ya kwanza tuliishuti Januari 2012. Skripti ya pili ikafika 2013, ikarudishwa, ikafika tena ikiwa na mhusika asiyejulikana katoka wapi. Juni 2014 yakatokea mashambulizi ya Mpeketoni, Julai kafyu ikatangazwa, na watu wa bima hawakutaka hata kulisikia jina la Lamu. 2019 tukafufuka. Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimama, nasi tukarudi kaburini. Mtoto aliyecheza mjukuu wa nahodha alikuwa na miaka 9. Nilipompigia 2022 ilipokea sauti ya besi, nikaomba niongee na mwanawe. Ilibidi skripti iandikwe upya kwa heshima ya ndevu zake.

Na msidhani ni maskini tu wanaochelewa. Indiana Jones wa tatu alitoka 1989, wa nne 2008. Sasa nisikilizeni.

1. Saa. Ukimpigia nahodha ukamwambia "saa sita asubuhi" kwa sababu simu yako imeandika 6:00, atakuja adhuhuri, tena kwa wakati. Sema saa kumi na mbili alfajiri. Sirudii.

2. Msinakili ratiba ya zamani. Hili nalo najua mtalifanya, kwa sababu faili lipo na lina rangi nzuri. Ratiba yetu ya 2013 ilikuwa na mstari mwekundu: "Julai, hapana." Aliyeuandika aliondoka, sababu akaondoka nayo. Miaka kumi baadaye mtu akalichukua faili lile, akaiheshimu Julai kama kaburi la sharifu, akatujazia kazi mwisho wa Machi 2023. Julai ya 2013 ilikuwa ya Ramadhani. Mfungo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na 2023 ulituangukia mwisho wa Machi hadi Aprili. Ametuwekea ekstra 40 wabebe magunia saa nane mchana, wote wamefunga, na chakula cha mchana kimeagizwa. Tukahamia Agosti.

3. Agosti ikazaa hili la tatu, maana Agosti ni kusi, upepo utokao kusini. Filamu ya kwanza inaisha jahazi likitoka Shela kuelekea kusini, upepo wa kaskazi nyuma yake, tanga limejaa, muziki. Ya pili inaanza hapo hapo, sekunde hiyo hiyo. Sasa chombo kilichokuwa kikisukumwa kama mtoto wa bembea, ghafla kinapiga bisha dhidi ya upepo. Mtu wa Nairobi hataona. Mtu wa Amu, yaani Lamu, atacheka mpaka aanguke barazani, na mimi naishi na hao watu wa barazani. Tulimaliza kwa kupiga picha za karibu, nyuso na kamba, tanga halionekani. Kwa hiyo chukueni picha za kila kitu mnapomaliza kazi, na andikeni upepo na mwezi, si nguo na vikombe tu. Juu ya mapaa, matangi ya maji meusi yameota kama uyoga tangu 2012. Kililana, tulipokuwa na onyesho la mikoko mitupu, gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Skripti haikuwa na bandari. Ilihama skripti.

4. Takwa. Haya, vuteni jamvi.

Onyesho lilikuwa hivi: wakimbizwa wanaingia kwa mashua kwenye mkono wa bahari, mikoko pande zote, maji yamefurika, jua limelala, wanaruka na kukimbilia magofuni. Tulikwenda kupakagua mwezi 15. Saa kumi unusu jioni maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye matawi, rangi ya chai ya rangi. Mwongozaji alinyamaza dakika nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tukapanga kushuti bamvua, yaani maji makuu, la mwezi 15 uliofuata, saa ile ile.

Siku tatu kabla, mwigizaji mkuu akakwama alikokuwa. Mtayarishaji akauliza chumba kizima, feni ikizunguka juu: tukisogeza wiki moja kuna tatizo? Watu wote wakanigeukia mimi. Nikasema hakuna tatizo.

Nimelifikiria sana jibu lile. Sehemu moja ni uchovu: ukishasogezwa miaka 11, wiki ni kitu gani? Sehemu nyingine ni majivuno, nilipenda kuwa yule Anti asiyeshindwa na kitu. Lakini mimi ni mtoto wa mtaa wa Langoni. Baba yangu alivua maisha yake yote. Nilijua kuhesabu maji kabla sijajua alifu. Mwezi mosi na mwezi 15 ni bamvua, na kwetu maji hujaa jioni, mnamo saa kumi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ongeza siku saba: umefika maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa kumi ile ile iliyokuwa ya kujaa imekuwa ya kupwa. Yaani sikusogeza onyesho. Niliyageuza maji juu chini, kwa mdomo wangu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Nahodha wetu mzee alipelekewa tarehe mpya kwa simu. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, dakika tatu na ushei. Niliuona. Nikajua atakuwa anaulizia mafuta ya injini, nikauacha.

Siku yenyewe tuliingia saa sita mchana na vyombo vitatu, watu 64, jenereta, sufuria mbili za pilau. Tuliingia vizuri, na hilo ndilo lililotumaliza, maana maji yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kutoka na hakuna aliyeshtuka. Tukateremsha taa. Tukafunga kamera. Kama saa saba unusu nikasikia sauti nisiyoisahau: krrrr, taratibu, chini ya mashua. Kisha ikalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Saa tisa ule mkono wa bahari ulikuwa mtaro. Saa kumi unusu, mwanga ukafika mzuri kuliko ule wa siku ya kupakagua, umeangukia tope tupu na kaa wanaopunga mikono.

Chombo chenye pilau kilikuwa kimekwama hatua 50 kutoka tulipo. Tulilinusa tu. Dada wa mapodozi alijaribu kulifuata, akazama hadi mapajani, akavutwa kwa kamba, kiatu kimoja kipo huko mpaka leo. Mwigizaji mkuu, aliyeruka kutoka mbali kwa ajili ya siku hiyo, alikaa ukingoni mwa mashua na kanzu yake ya filamu akiuliza kila baada ya muda kama maji "yamechelewa". Kisha jua likazama na mbu wakaja kula wasiyoagiza.

Mwongozaji hakunifokea. Ningependa angefoka. Nilikwenda nyuma ya chombo kwa nahodha. Alikuwa anatafuna tambuu, anaangalia mikoko. Kimya kirefu. Kisha akauliza:

"Yeo mwezi ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Kumbe wajua."

Basi. Akavua kikoi cha mabegani akanipa nijifunike mbu. Mashua iliinuka karibu saa mbili usiku, tukatoka kwa tochi, hakuna aliyeongea hadi Shela. Nilipofika nyumbani nikaufungua ule ujumbe wa sauti. Dakika mbili za mwanzo ni salamu: mama hajambo, watoto hawajambo, mguu wa shangazi umepona? Mwishoni kabisa: "Mwanangu, siku hiyo jioni mai yatoka, hayaingii. Huenda mwataka tope. Kama mwataka tope, ni sawa."

Mkubwa aliyeandaa *Mad Max: Fury Road* alipanga kushuti jangwa la Broken Hill, Australia. Mvua ikanyesha, jangwa likaota maua, wakahamia Namibia wakashuti 2012 na filamu ikatoka 2015. Wale walishindwa na mvua ambayo hakuna aliyeijua. Mimi nilishindwa na kitu kinachochapishwa kwenye kalenda ya duka la mchele. Na sisi hatukuwa na siku saba nyingine za kusubiri bamvua, mkataba wa mwigizaji ulikuwa unakwisha. Mkiitazama sehemu ya pili mtaona wapo kwenye mkono wa bahari wanapiga kasia, kisha pap, wapo magofuni, nguo kavu. Kufika hakupo. Hapo katikati ndipo nilipo mimi.

5. Leseni ya filamu haifungui milango yote: Ngome na Takwa ni ruhusa ya Makumbusho ya Taifa, droni ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kichochoro ni ya wazee wa mtaa, ambao hawana fomu lakini wana kumbukumbu.

6. Sikilizeni ujumbe wa sauti wa wazee hadi mwisho. Habari huwa baada ya salamu.

7. Punda akodiwe pamoja na mwenyewe. Ukimkodi punda peke yake, akiamua kusimama katikati ya barabara kuu ya mji ambao ni urithi wa dunia tangu 2001, na nyuma yake kuna jeneza la msiba na wabeba mawe, utajua Kiswahili chako kinaishia wapi. Yaliwahi kumkuta mwenzenu, sasa yuko Nairobi anashuti matangazo ya sabuni.

Kijana wa Takwa alisikiliza yote, macho chini, akaenda kuswali. Jana usiku kanitumia kolshiti mpya, ile karatasi ya ratiba ya siku ya kushuti. Juu kabisa, kabla hata ya jina la mwongozaji, kaandika kwa herufi kubwa: MWEZI 15, MAJI KUJAA SAA KUMI UNUSU JIONI. Nikatabasamu peke yangu kitandani. Nikashuka chini: boti kuondoka, 6:00. Haikusema ni sita ipi. Nimemrudishia.