Betri za gridi: megawati ngapi, na kwa saa ngapi?

Swali: Ndugu Mhariri, inasemekana upepo wa Loiyangalani huvuma sana usiku wakati wengi tumelala, na kwamba mvuke wa jotoardhi wa Olkaria nao huachiliwa hewani kwa kukosa watumiaji. Je, betri ya megawati 100 ingetosha kuuhifadhi umeme huo hadi jioni? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Ndugu msomaji, swali lako linahitaji tarakimu ya pili. Megawati hueleza nguvu ambayo betri inaweza kutoa kwa wakati mmoja, ilhali megawati-saa hueleza akiba iliyomo ndani yake. Taarifa nyingi hutaja ile ya kwanza tu, jambo linalosikitisha, kwa kuwa huwanyima wananchi uwezo wa kupima kile wanachokilipia.

Betri ya Hornsdale, katika jimbo la Australia Kusini, ilijengwa mwaka 2017, baada ya jimbo zima kuwa gizani Septemba 2016. Ilianza na megawati 100 na megawati-saa 129, yaani ikitoa nguvu zake zote huisha baada ya saa moja na ushei. Hata hivyo, haikukusudiwa kuwasha taa usiku kucha. Mtambo mmoja unapozimika ghafla, masafa ya gridi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, hushuka chini ya hezi 50, na betri hiyo huanza kusukuma umeme ndani ya sehemu ya sekunde, kabla mitambo mingine haijawahi kuongeza kasi. Ile ya Hex, karibu na Worcester nchini Afrika Kusini, iliyozinduliwa mwaka 2023, ni ya megawati 20 tu, lakini akiba yake ni megawati-saa 100, nayo huweza kuhudumu saa tano mfululizo na kuvuka kipindi kigumu cha jioni.

Kwa haja uliyoitaja, Kenya ingefaidika zaidi na betri ya aina hii ya pili. Megawati 100 zenye megawati-saa 400 zingejazwa kwa takriban saa nne baada ya usiku wa manane, kisha zirudishwe jioni, ingawa asilimia 10 hadi 15 hivi ya umeme hupotea katika kuingiza na kutoa. Hiyo ni sehemu tu ya uwezo wa mitambo ya upepo ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ambayo hufikia megawati 310, lakini ni sehemu yenye thamani, kwa kuwa jioni ndipo mitambo ya dizeli huwashwa kwa gharama kubwa. Upepo ukitulia kwa siku kadhaa, betri haitasaidia. Hapo tutaendelea kuutegemea mvuke wa Olkaria na maji ya bwawa la Masinga.