Dokta, nyayo zinawaka moto usiku silali

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 54, nina kama miezi nane sasa miguu inaniwaka moto, ilianza kwenye vidole tu nikadhani ni viatu, ikaja nyayo, sasa hivi imefika kwenye vifundo. Mchana nikiwa na shughuli nasahausahau lakini ikifika usiku ndo balaa, shuka likigusa tu nyayo nasikia kama nimekanyaga makaa, inabidi nitoe miguu nje niibandike ukutani kwenye ubaridi ndo nipate kausingizi. Nimemeza diklofenaki sana, na vidonge vya vitamini B vya neva niko kopo la tatu, napata nafuu siku mbili inarudi. Wengine wananiambia ni uzee tu nizoee. Presha ninayo natumia dawa, sukari sijawahi kupima. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na kwanza nikutoe hofu kwamba hujidekezi na wala sio uzee, miaka 54 sio ya kulala na miguu ukutani. Sasa barua yako nimeisoma mara mbili na kitu kilichonishtua umekiweka mwishoni kabisa kama kitu kidogo, kwamba sukari hujawahi kupima. Mimi nakitoa mwishoni nakileta mwanzo. Kesho asubuhi kabla hujaweka kitu mdomoni, zaidi ya maji, uwe umekaa masaa 8 bila kula, nenda kapime sukari. Hayo mengine yote ntakayoandika hapa yanasubiri hilo.

Kwanini nang'ang'ania sukari? Kwa sababu ya jinsi ulivyoeleza moto wako ulivyotembea. Umeanza kwenye vidole, miguu yote miwili, ukapanda nyayo, ukapanda vifundo, yani kama mtu anavaa soksi taratibu. Mishipa ya fahamu inayofika kwenye vidole vya miguu ndio mirefu kuliko yote mwilini, inatoka chini ya mgongo inashuka mpaka ncha ya dole gumba, kwa mtu mzima ni kama mita nzima hivi, na inalishwa na vimishipa vya damu vyembamba sana. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu huo mshipa wenyewe na inaharibu hivyo vimishipa vinavyoulisha, sasa ulio mrefu ndo unaanza kuumia, kwaiyo moto unaanzia mbali kabisa na moyo alafu unapanda. Ukifika karibu na magoti ukiuacha, mara nyingi utasikia na vidole vya mikono vimeanza. Na ukitaka kuamini kwamba tatizo liko kwenye mshipa sio kwenye ngozi, usiku ukiwaka shika nyayo zako kwa mkono, mara nyingi utakuta ni za baridi tu kama za mtu mwingine. Ni taarifa ya uongo mshipa unapeleka kwenye ubongo, na usiku inasikika zaidi kwa sababu hakuna kingine cha kukushughulisha.

Majibu ya sukari utasoma hivi: ukiwa na njaa ikisoma 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) kwenda juu, ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyohivyo, hiyo ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 uko ukingoni, na usifurahi sana kwa sababu kuna watu mishipa inaanza kuumia hapohapo ukingoni. Kama wana kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi kama mitatu, kisukari ni 6.5 asilimia kwenda juu. Nimewaona wengi sana waliogundua kisukari kwa kuanzia miguuni, hawakuwa na kiu wala kukojoa sana, ni miguu tu.

Sukari ikitoka safi usiache, hapo daktari atafute vitamini B12, picha ya damu, figo, tezi ya shingo, na HIV kama hujapima karibuni maana kirusi chenyewe kinaweza kuumiza mishipa hii. Pombe ya muda mrefu nayo inafanya hivyohivyo, na baadhi ya dawa za saratani. B12 inapungua kwa wasiokula nyama, mayai wala maziwa kabisa, kwa wazee ambao tumbo halifyonzi vizuri, kwa waliotumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo miaka na miaka, na hili wenye kisukari walisikie: metformini ukiimeza muda mrefu inashusha B12. Kwaiyo kuna mtu sukari yake iko vizuri kabisa na miguu inazidi kuwaka, kumbe ni B12, na akipewa sindano zake mapema anapona.

Sasa hivyo vidonge vyako kopo la tatu. Naomba chukua kopo usome nyuma, tafuta palipoandikwa B6, inaitwa pia pairidoksini. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1.3 mpaka 1.7 kwa siku, na vidonge vya neva vipo vyenye 100 au 200 kwenye kidonge kimoja. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ileile unayotaka kuiponya, dalili zake ni ganzi na kuchomachoma miguuni, unaelewa sasa hatari yake, mtu anameza anazidi kuungua anaongeza dozi. Sisemi ndio iliyokuanzishia, ulianza kuumwa kabla ya kuvinunua, ila simamisha mpaka upime ujue kama kuna vitamini unakosa kweli. Na diklofenaki acha leo. Maumivu ya mshipa wa fahamu hayasikii dawa za aina hiyo, alafu wewe una presha, inapandisha presha na inaumiza figo, unalipa gharama bila kupata kitu.

Dawa zinazosaidia zipo. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, tunaanza na miligramu 10 au 25, usishtuke ukisikia ni dawa ya sonona, kwa dozi hii inatuliza mshipa, ila inakausha mdomo na inaleta usingizi, na mwenye shida ya moyo, tezi dume au presha ya macho aseme kabla. Zipo gabapentini, pregabalini, duloksetini. Hakuna ya kukuondolea moto usiku wa kwanza, zipe wiki kadhaa, dozi inapandishwa taratibu na ukitaka kuacha unashuka taratibu pia, usikate ghafla. Na kama itakuwa kisukari ukaanza dawa, sukari ikishuka kwa kasi sana moto unaweza kuongezeka kwa muda kabla haujapungua, nakwambia mapema usije ukadhani dawa ya sukari ndo inakuumiza ukaitupa.

Kingine ambacho sitaki upite bila kukisoma. Mshipa unaowaka leo kesho unaweza kunyamaza, na kunyamaza sio kupona. Nilishawahi kumpokea mzee kliniki kaja kwa ajili ya presha tu, anachechemea kidogo, nikamwambia mzee vua viatu nione, kuvua kiatu cha kulia kinagoma, soksi imegandana na soli, kulikuwa na msumari umetoboa soli umeingia kwenye unyayo na kaja nao tangu asubuhi anaongea vizuri tu hasikii kitu. Damu imekauka kwenye soksi. Miguu yake iliwahi kuwaka moto miaka ya nyuma, alipoona umeacha akashukuru Mungu kwamba kapona. Kwaiyo kila jioni kalia kitanda, geuza nyayo uziangalie, kama huwezi kuinama tumia kioo au muombe mtu, angalia katikati ya vidole, kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Usiloweke miguu kwenye maji ya moto wala kuikanda, maji yapime kwa kiwiko. Kitambaa cha maji baridi dakika 10 au 15 ni sawa, barafu yenyewe usiweke. Kidonda chochote hata kidogo kama punje, ukiwa na kisukari, ni siku hiyohiyo hospitali.

SWALI: Habari dokta, mimi ni kijana wa 31, paja langu la kulia kwa nje linawaka na kufa ganzi, nikilipapasa nasikia kama sio langu. Ni upande mmoja tu, haishuki chini ya goti. Kazini navaa mkanda wa zana siku nzima. Je ni kisukari?

JIBU: Nzuri kijana wangu. Upande mmoja, paja kwa nje, haivuki goti, na mkanda mzito, hapa mkanda ndo nauangalia kwanza. Kuna mshipa wa fahamu unapita mbele ya mfupa wa nyonga karibu na kinena, kazi yake ni hisia za ngozi hapo tu, hauendeshi msuli, ndo maana nguvu hujapoteza. Ukibanwa na mkanda, suruali ya kubana, au tumbo lililoongezeka unalalamika hivyo, hata wajawazito wanaupata. Hamisha zana zibebwe mabegani, legeza kiuno, kama uzito umepanda upunguze, wengi inaisha ndani ya wiki au miezi bila dawa. Ingekuwa inaanzia kwenye tako inashuka nyuma ya mguu mpaka unyayoni na ukikohoa inapiga kama shoti, ningesema ni mgongo. Na ikitokea mguu unakosa nguvu, au ganzi inashika sehemu unayokalia, au mkojo unashindwa kuuzuia au hautoki, hiyo usiniandikie mimi, nenda hospitali usiku huohuo.

SWALI: Dokta mimi vinawasha na kuwaka katikati ya vidole vya miguu, ngozi nyeupe inabanduka, ina harufu.

JIBU: Hiyo ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, endelea wiki mbili baada ya kuonekana imepona, kausha katikati ya vidole kila ukioga, badili soksi kila siku.

SWALI: Shikamoo dokta, niko mwezi wa pili wa dozi ya TB, wiki hii nyayo zimeanza kuchoma kama nimepaka pilipili. Nafikiria niache dawa kwanza zipoe.

JIBU: Marahaba mwanangu, usiache hata siku moja, nakuomba. Ukikatiza TB inarudi na inaweza kurudi sugu, na hiyo miguu ina dawa rahisi. Katika dawa zako kuna isoniazidi, hiyo inaumaliza mwili vitamini B6, mshipa ukiikosa unawaka. Najua nimetoka kumwambia dada yako hapo juu asimamishe B6, yeye alikuwa anajijazia bila kipimo, wewe unanyang'anywa, na wewe ndo unaihitaji. Mara nyingi inatolewa pamoja na dawa za TB kidonge kimoja kwa siku kuzuia hili, sasa huenda hukupewa au ulipewa ukaacha ukidhani ni ya hamu ya kula. Moto ukishaanza dozi inapandishwa, na hiyo anaipanga anayekutibu, usijikadirie. Kesho ukienda kumeza dawa mwambie nesi hivihivi ulivyoniandikia, kwamba nyayo zinachoma, ulizia B6, na kama unakunywa pombe au una kisukari au HIV mwambie na hilo maana wewe unakuwa kwenye hatari zaidi. Chukua na pakiti zako zote za dawa uweke mfukoni aone unameza nini.