Miksa ya zamani: anza na umeme, chipu zisubiri

Miksa nyingi za sauti za analogi zinazotumika kwenye makanisa na kumbi za Mwanza ziliingia mjini zikiwa mtumba, na muuzaji mara nyingi hajui umri wake. Fungua kifuniko usome tarakimu nne kwenye chipu: 8734 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 1987. Soma chipu kumi hivi za chaneli tofauti, maana moja peke yake huenda ilibadilishwa na fundi aliyetangulia. Miksa ikiwa ya miaka ya 1980 au 1990, chukulia kwamba kapasita zake zote za elektroliti (vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji) zimechoka.

Kosa linaloua miksa hizi ni kukimbilia chipu. Fundi anasikia mvumo, ananunua chipu za kukuza sauti aina ya NE5532 mia moja, anazipachika mahali pa zile za TL072, na mvumo unazidi. Sababu ni hesabu. TL072 moja hula takriban miliampia 2.8, NE5532 hula 8. Chaneli 24 zenye chipu nne kila moja ni chipu 96, kwa hiyo umeongeza karibu nusu ampia kwenye pawasaplai iliyokuwa inahema tayari.

Basi anza na pawasaplai, na uitenganishe kwanza na miksa. Unganisha balbu ya wati 60 kwa mfuatano na waya wa moto. Iwe ya zamani yenye waya ndani, LED haifai. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, kuna shoti: angalia daraja la dayodi na transfoma. Hali ikiwa salama, ondoa balbu na pima volti kwenye plagi inayoingia miksani. Miksa nyingi hutumia kati ya ±15 na ±18, pamoja na 48 za maiki za kondensa. Pande mbili, chanya na hasi, zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti, usiunganishe. Kikomo cha TL072 ya kawaida ni ±18, hivyo regyuleta moja (kipande kinachosawazisha volti) ikifa na kupitisha volti zote bila kuzipunguza, inaweza kuondoka na chipu za miksa nzima. Kabla ya kugusa ndani, toa chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya kiloomu 1 ya wati 5. Usitumie bisibisi: cheche zake huumiza nyaya na macho.

Ukibadilisha regyuleta, tazama miguu. LM317 ya upande chanya na LM337 ya upande hasi hazifanani: ya kwanza mgongo wake ni njia ya kutokea, ya pili mgongo ni njia ya kuingilia. Ukisahau karatasi ya maika kati ya mgongo na bati la kupoozea, umepiga shoti.

Mvumo nao una lugha yake. Wa hezi 50 kwa kawaida hutoka kwenye mzunguko wa nyaya za ardhi au kebo iliyokatika kinga. Wa hezi 100, mkali zaidi kidogo, hutoka kwenye kapasita za kuchuja zilizokauka. Ukija jioni tu, watu wote wakiwa wamewasha, pima umeme wa ukutani. LM317 inahitaji volti 2 hadi 3 juu ya inachotoa. Inayotoa 17 huku ikipokea 23 kwenye umeme wa 230 iko salama. Ukutani pakishuka hadi 195, inapokea 19.5 na mawimbi ya chujio yanapenya moja kwa moja. Dawa hapo ni stabilaiza, au transfoma inayotoa volti kubwa kidogo kuliko ya sasa.

Kapasita mpya ziwe za nyuzijoto 105, na volti sawa au zaidi ya za zamani. Fanya chaneli moja, iwashe, ilinganishe na jirani yake ambayo hujaigusa, ndipo uende ya pili. Chaneli iliyopoteza besi peke yake ina kapasita ya kupitisha sauti iliyokauka. Lehemu kwa nyuzi 350, sekunde tatu kwa mguu. Ukikawia, njia ya shaba inabanduka kwenye bodi za zamani na hapo umejiongezea kazi ya siku nzima.

Halafu kuna unyevu wa ziwa, na wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku. Wanafia ndani ya miksa, vumbi linashikana nao, na tope hilo linashika maji. Linaloumia kwanza ni tundu la inseti, la kuunganisha kifaa cha nje katikati ya chaneli, kwa sababu sauti ya chaneli hupita kwenye vibati vidogo ndani yake. Chaneli ikikatika-katika, chomeka jeki mara kumi. Sauti ikirudi, chipu haina kosa. Safisha vibati kwa pombe ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa mara nyingine ina mafuta, iache. Nyaya za utepe zichomoe na kuzirudisha mara tano. Kazi hiyo ndogo huponya magonjwa mengi yanayodhaniwa kuwa makubwa.

Feda, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, zisipulizwe mafuta ya kulegeza bolti. Yanasomba grisi, vumbi linaganda, na baada ya miezi mkwaruzo unarudi vibaya zaidi. Isopropili kidogo, kausha, kisha mafuta maalumu ya feda, tone moja.

Sasa chipu. NE5532 inafaa hatua ya kujumlisha chaneli zote, ambako kelele hukusanyika, na ziwe chache. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 8 na wa 4, karibu kabisa na chipu, la sivyo inaweza kutetema kwa masafa usiyoyasikia huku ikichemka. Kwenye hatua zenye vidhibiti vya kuzungusha ibaki TL072. Mkondo wa kuingilia wa NE5532 ni mkubwa na unaweza kuleta mkwaruzo kila unapozungusha.

Anayerekodi kwaya atafaidika zaidi na tundu la kutoa sauti ya kila chaneli peke yake. Chukua kwenye mguu wa 1 au wa 7 wa chipu ya geini, ule unaotoa sauti kwenda mbele. Pitisha kwenye kapasita ya mikrofaradi 47 isiyo na upande, kisha rezista ya omu 100, ndipo jeki. Kati ya kapasita na rezista hiyo, teremsha rezista ya kiloomu 100 hadi ardhini, ili spika zisipigwe mshindo unapochomeka.