Ukuta wa shirika: nendeni kwa jirani kabla ya fundi

Juzi kaniandikia dada mmoja wa Chake Chake, Pemba, anataka kuongeza chumba na choo uani, ukuta ni mmoja na jirani, fundi kamwambia we jenga tu huo ukuta wako. Dada'angu usimsikilize! Mie niliambiwa maneno hayohayo.

Nyumba yetu iko Kikwajuni, Unguja, ya mawe na udongo, aliiacha babu. Nikataka kumjengea mama chumba chenye choo ndani maana magoti hayamsaidii tena. Alhamdulillah chumba kimekwisha na kizuri, vigae mpaka juu, lakini yaliyonipata nayajua mwenyewe. Siku ya pili tu fundi kaanza kutoboa ukuta achomeke boriti, upande wa pili bimkubwa jirani yetu amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, plasta yote ikamporomokea kwenye sinia. Nilipokwenda kuangalia, ufa umeanzia juu ya dirisha mpaka chini, kidole kinaingia. Hakunigombeza. Alisema tu, "mwanangu, si ungepiga hodi."

Nikajitetea kwa ile hadithi ya Abu Huraira, kwamba mtu asimzuie jirani yake kuchomeka mti ukutani kwake. Sheikh wa msikitini kwetu akanambia hayo kaambiwa jirani asikuzuie, na yako mapokezi yanasema jirani akikuomba ruhusa, sasa wewe uliomba lini? Nilinyamaza.

Kwa hiyo jamani nendeni kwa jirani kwanza, tena nendeni wenyewe msimtume fundi. Ukuta wa mawe na udongo ukigongwa nyundo udongo unaachia, masika ikija maji yanapita humohumo. Piga picha upande wake kabla hamjaanza, andikianeni karatasi mbele ya sheha, nani atatengeneza kikiharibika kitu, maji ya bati yatamwagikia wapi, karo la choo litachimbwa wapi. Mlio Mji Mkongwe ndio kabisa, bila ya kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe usiguse hata jiwe. Binamu yangu yuko London, anasema Uingereza wana sheria ya mwaka 1996 ya kuta hizi za pamoja, unampa jirani barua miezi 2 kabla ya kuugusa ukuta, naye ana siku 14 za kujibu. Sisi tunashindwa kuvuka uchochoro! Halafu tunafikishana Mahakama ya Ardhi, watu ambao kesho ndio watakaobeba jeneza lako.

Ule ufa nimeuziba kwa pesa yangu, chumba chote cha bimkubwa nimekipaka rangi. Lakini zamani kila laasiri alikuwa anakuja kukaa na mama barazani, siku hizi haji, na mama ananiuliza mie.

Dada wa Chake, nenda leo baada ya magharibi, na hizo picha nitumie nikuangalizie.