Kabla hujaikata kanga kuukuu, lisome jina lake

Juzi usiku nishajilaza, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, mtoto wa Unguja kwa namna alivyoandika: "Dada, assalaam alaykum. Wifi yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mkononi nina elfu kumi na tano. Nataka nimtengenezee kitu kwa mikono yangu, lakini kisionekane cha njaa. Nisaidie."

Nilicheka peke yangu kitandani. Kisha sikucheka tena. Wifi, harusi, zawadi ya kutengeneza kwa mkono. Shoga yangu, umemuuliza mtu aliyeungua kwa moto huo huo, na kovu bado linawasha mvua ikinyesha. Basi kaa kitako nikuhadithie kwanza, ushauri utakuja.

Ilikuwa mwaka wa pili wa ndoa yangu. Mume wangu mwalimu wa skuli, mie nipo nyumbani na mtoto mchanga, tunakaa ghorofa ya nne Michenzani, mjini Unguja, na mwisho wa mwezi ukifika huku senti zishaisha zamani. Dada yake akaposwa. Arusi Pemba, Wete, kwao. Nauli ya boti peke yake ilitutoa jasho. Zawadi je? Nikajiambia: mie fundi, nina cherehani ya miguu, nina sanduku la bibi. Nitawaonesha.

Bibi yangu alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na katika vitu vyake nilipewa sanduku la kanga. Ukilifungua, harufu ya karafuu inakupiga usoni, maana alikuwa akizitia baina ya nguo moja na nyingine. Ndani mlikuwa na doti moja ya manjano na nyeusi, mji wake maua makubwa ya korosho. Imefuliwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa cha mtoto, wanga wote ushatoka. Nikaamua: mito ya kukalia, sita, ya sebule ya bi harusi.

Nitakwambia na habari ya usufi, kwa sababu hii ndiyo sehemu niliyoipatia. Mjomba alinipa gunia la usufi kutoka kwenye msufi wake. Usufi mzuri, mwepesi, haukugharimu kitu, lakini ukiuchambua ndani ya nyumba unaruka kila mahali, unakaa puani, kwenye chakula, kwenye nywele za mtoto. Siku ya kwanza nilipiga chafya mpaka jirani akaja kuniuliza kama naumwa. Siku ya pili nikapata akili. Nikashusha chandarua kitandani, nikachomeka kingo zote chini ya godoro, nikaingia ndani na gunia langu, nimejifunga mtandio puani. Nikatoa mbegu moja moja, nyeusi, ndogo kama pilipili manga, na usufi wote ukabaki chandaruani nami, haukwenda popote. Mume wangu aliporudi alinikuta nimekaa mle kama kuku aliyetaga kwenye wingu.

Nikakata, nikashona, nikajaza. Na hapa ndipo nilipoharibu.

Unajua kanga ilivyo: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina limekaa juu kidogo ya pindo la chini. Mie nikaona yale maandishi yanapendeza. Herufi nyeusi juu ya manjano, nadhifu, kama pambo. Nikapima kwa makusudi ili jina liangukie katikati ya mto, kwenye mito miwili, kwa kuwa doti ina kanga mbili na kila moja ina jina lake. Nikajisifu kwa akili hiyo.

Jina lenyewe lilikuwa HASIDI HANA SABABU.

Wewe msomaji wa Zanzibar ushaelewa. Anayesoma kutoka mbali nimueleze kwamba huku kwetu kanga haivaliwi tu, inasema. Mke mwenza anamjibu mke mwenza, jirani anamjibu jirani, na hakuna aliyefungua mdomo. Ukimpa mtu kanga, umempa na maneno yake. Mtoto wa miaka kumi anajua hilo. Nami nilijua. Lakini kanga ile nimemuona nayo bibi tangu natambaa, nimebebwa nayo mgongoni, nimelia juu yake. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi mno hata nikawa siioni.

Tukafika Wete. Siku ya kutazamwa vyombo vya bi harusi, chumba kimejaa wanawake, udi unafuka, na shangazi mmoja mwenye sauti ya kuuza samaki anainua kila kitu na kukitangaza: sufuria hizi za fulani, seti ya vikombe ya fulani, vigelegele. Akafika kwangu. "Na hii mito kutoka kwa wifi yake wa Unguja!" Akaunyanyua wa kwanza, akaugeuza. Akausoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama anayesoma tangazo la mazishi.

Kigelegele kilichokuwa kishaanza kilikatika kooni mwa mtu. Mkwe wangu akasema neno moja tu: "Iweke pembeni." Bi harusi hakunitazama. Nami badala ya kusema papo hapo kwamba ni kanga ya marehemu bibi yangu, kwamba ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote nilivyokuwa navyo, ulimi ukanata. Nikatoka nje kumnyonyesha mtoto aliyekuwa amelala.

Usiku mume wangu akaniuliza, "Kwani hukuisoma?" Miaka yote hii nimepata majibu mengi mazuri ya swali lile. Usiku ule sikuwa na hata moja. Baada ya wiki tatu mito yangu ililetwa nyumbani na mtoto wa jirani aliyetoka Pemba, yote sita, ndani ya gunia la mchele. Hakuna barua, hakuna salamu. Mmoja naukalia sasa hivi nikiandika haya. Usufi haujalala bado.

Sasa ushauri.

Kwanza fua. Kanga kuukuu hata kama ilikuwa sandukuni, ifue kwa maji ya moto, ianike juani mpaka ikauke kabisa, maana kitambaa chenye unyevu kikikutana na usufi utapata mto unaonuka. Fua kabla ya kukata, si baada. Kisha ivute kwa mikono miwili dhidi ya mwanga wa dirisha. Pale katikati panapokaa kiunoni ndipo panapochakaa mwanzo, utaona nyuzi zimeachana. Hapo usipakate, au patie shuka la mtumba kwa ndani. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na ushei, kwa hiyo inatoa vipande sita vya sentimita arubaini na tano. Doti moja, vipande kumi na mbili, mito sita mbele na nyuma. Zipu huhitaji. Acha upande mmoja wazi, jaza usufi, kisha ufunge kwa mkono, gharama yako ni uzi tu, na elfu kumi na tano yako itabaki ya nauli.

Na jina lisome. Lisome kwa sauti, kama shangazi yule. Halafu jiulize nani atalisoma baada yako. Kama ni neno la kheri, liweke katikati ya mto na ujidai. Kama lina mwiba, likate lote pamoja na pindo, ufanye ukanda wa mkoba wako mwenyewe, mwiba ukae begani kwako.

Kuna wanaoniambia, aa, wewe unatia chumvi, siku hizi nani anasoma jina la kanga. Haya. Mwaka jana mwenye nyumba moja ya wageni huko pwani ya mashariki alikuja kwetu kwa shughuli nyingine kabisa, akakaa juu ya mto huu huu, akauliza nani kaushona. Akaagiza kumi na mbili. Baadaye kumi na mbili tena. Na unajua wageni wanauliza nini? Wanauliza maandishi yanasemaje! Kila mto sasa nautia kikaratasi chenye maana. Kitu kile kile kilichorudishwa kwangu kwenye gunia la mchele, mtu amekilipia elfu ishirini na tano kila kimoja bila kuomba punguzo. Sisemi zaidi. Walio Wete wanasoma pia.

Bustani nayo mnaniuliza kila siku, basi nipite haraka. Natumia madumu ya mafuta ya kula ya lita ishirini, nayakata ubavu, nayalaza kwenye varanda. Mchicha, mnanaa, pilipili mbuzi, mrehani. Matundu toboa kwa msumari uliopashwa moto. Kosa langu la mwanzo: niliyatoboa vizuri sana, nikamwagilia vizuri sana, na maji ya udongo yakashuka ghorofa tatu mpaka juu ya kanga nyeupe za jirani zilizoanikwa. Kanga tena! Tangu siku hiyo kila dumu lina sinia kuukuu chini yake, na sinia nimelijaza mchanga. Mchanga muhimu, usiache maji matupu, kwani mbu wa homa ya dengi anapenda kutaga kwenye maji kidogo yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani kama hivi.

Kosa la pili lilinichukua miezi kulifahamu. Nilipewa chenga za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na mama mmoja wa Jambiani, zile zinazobaki wakishapiga makumbi. Nikachanganya na udongo, kwa kuwa zinashika maji kuliko kitu chochote na kwenye ghorofa yetu maji ya bomba huja yakitaka. Mchicha ukaota, ukaanza kubabuka ncha za majani, hudhurungi, kama umepitiwa na pasi. Nikalaumu jua, nikalaumu mbegu, nikakaribia kumlaumu mtu kwa kijicho. Kumbe makumbi yale yamefukiwa pwani miezi na miezi, bahari inaingia na kutoka, yamekunywa chumvi. Siku hizi chenga naziroweka kwenye maji ya kisima yasiyo na chumvi siku mbili, namwaga, naroweka tena, ndipo natumia. Osha kwanza. Kama nilivyosema kwenye kanga.

Chupa za glasi sitaki kuzizungumzia. Ile video ya kufunga uzi wenye mafuta ya taa, kuwasha na kuzamisha kwenye maji ya barafu, niliijaribu. Kidole gumba changu cha kushoto kinakumbuka. Chupa nzima ni pambo tosha, tia asumini, funga mdomo kwa kamba ya usumba, umemaliza.

Na kufunga zawadi, ndugu zangu! Hapa lazima niseme. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, miaka kumi na mitatu kabla ya wenzetu wa Bara kuanza mwaka 2019, tukajisifu, halafu kila arusi unaona zawadi zimeviringishwa makaratasi ya plastiki yanayong'aa, yakishachanwa yanakwenda kufagiwa. Kwa nini? Tuna ukili, tuna pakacha linalosukwa kwa kuti bichi wakati maji ya chai yanachemka, tuna kawa. Mzee wa miaka sabini atakufundisha kusuka bure, kwa furaha, akisubiri tu umuulize. Sisi hatuulizi. Tunaona haya. Tunaogopa kuonekana tuna njaa, na hofu hiyo ndiyo inayotufilisi: mtu anakopa kununua seti ya glasi ambayo bi harusi anazo tatu kabatini. Mie nilidhalilika, ndiyo, lakini sikudhalilika kwa sababu ya ukuukuu wa kanga. Hakuna aliyesema kanga imechakaa. Nilimpelekea mtu neno ambalo sikukusudia, na nikashindwa kusimama kulieleza. Laiti ningemwandikia kijikaratasi: hii ni nguo ya bibi yangu, sina nyingine. Labda angelia. Labda angeirudisha vile vile, maana wifi yangu ni wifi yangu.

Nikamjibu yule msomaji haya yote kwa ufupi, usiku ule ule. Nikamwambia atafute kanga ya mama yake au ya bibi yake, aifue, apime, achague jina. Asubuhi kanitumia picha: doti nzuri, nyekundu na nyeupe, haijachakaa hata kidogo, mama yake kamruhusu. Nikaikuza picha ili nisome. MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Nimemwambia alikate tu, pamoja na pindo.