Mwalimu, Trump kabakiza ngapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Hapa sokoni Kibaigwa, tukiwa tunasubiri malori ya mahindi, ubishi hauishi. Mmoja anasema Trump kashamaliza kazi kwa sababu kashinda New York kwa kishindo. Mwingine anasema bado kabisa, hata Cruz anaweza kumpita. Nani mkweli?
Mpakiaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wote wawili wamekosea, ila huyo wa pili kakosea zaidi. Tafuta kalamu.

Mwaka huu wa 2016 chama cha Republican, ambako Trump anashindania tiketi na Ted Cruz na John Kasich, kina wajumbe 2,472 wa kuchagua mgombea wake. Anayetaka tiketi ya urais lazima apate nusu yao na mmoja juu, yaani 1,237. Tunapokwenda mitamboni, New York imeshapiga kura tarehe 19 Aprili 2016, na hesabu inasomeka hivi: Trump 845, Cruz 559, Kasich 148. Majimbo ambayo bado hayajapiga kura yana wajumbe 674. Basi mfanyie Cruz hesabu: 1,237 toa 559, anahitaji 678. Hata akizoa kila mjumbe aliyebaki, mpaka wa mwisho wa California, bado atapungukiwa wanne. Kwa kura za majimbo peke yake, huyo hafiki.

Na Trump? 1,237 toa 845, anahitaji 392 kati ya hao 674. Hiyo ni karibu sita katika kila kumi, wakati mpaka leo amekuwa akipata chini ya tano. Anaongoza, lakini kazi iko mbele yake. Mkitaka kubishana kwa haki pale sokoni, acheni kuhesabu majimbo aliyoshinda mtu. Ulizeni anahitaji wangapi, na wamebaki wangapi. Ni kama ligi inapofika ukingoni: timu inayoongoza haisherehekei mpaka ijue pointi zilizobaki kwa anayeifuata.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kila jimbo lina kanuni zake. South Carolina, Trump alipata kama theluthi moja ya kura, akaondoka na wajumbe wote 50. Iowa, Cruz alishinda, akapewa 8, Trump 7, na mgombea mwenzao Marco Rubio 7. Ushindi ni ule ule, mavuno tofauti kabisa. Na huyo Rubio, ambaye alijitoa tangu Machi 15 aliposhindwa nyumbani kwake Florida, bado ana wajumbe wengi kuliko Kasich anayeendelea na kampeni! Runinga zinatupaka ramani rangi tu, hazisemi haya.

Sasa mbele. Jumanne tarehe 26 Aprili, sisi tukiwa kwenye mapumziko ya Muungano, yanapiga majimbo matano kwa pamoja: Pennsylvania wajumbe 71, Maryland 38, Connecticut 28, Rhode Island 19, Delaware 16. Pennsylvania ndiyo kituko. Mshindi wa jimbo anapewa 17 tu. Hao 54 wengine wanapigiwa kura kwa majina yao wenyewe, watatu kila wilaya ya uchaguzi, na karatasi ya kura haisemi mjumbe huyu ni wa nani. Mpiga kura anaingia chumbani anakuta majina ya majirani, asijue yupi wa Trump na yupi wa Cruz. Wakishachaguliwa hawafungwi na mtu. Nimefundisha hesabu miaka mingi, lakini hao 54 siwezi kuwaweka kwenye safu ya yeyote.

Mei 3 ni Indiana, wajumbe 57: 30 kwa mshindi wa jimbo zima, waliobaki watatu watatu kwa kila wilaya. Hapo ndipo ningekaa macho. Trump akiichukua, sioni wa kumzuia. Akiikosa, tutasubiri mpaka Juni 7, siku ya California na wajumbe wake 172. Huko nako wilaya iliyojaa Republican na wilaya ambayo Republican ni wa kutafuta kwa tochi, kila moja ina watatu.

Ukiuliza Cruz anangoja nini basi, jibu tunalijua vizuri sisi wa Dodoma. Anataka Trump aingie mkutano mkuu wa Cleveland mwezi Julai bila kufikisha nusu. Raundi ya kwanza ikishindikana, wajumbe wengi wanafunguliwa na kupiga kura wanavyotaka. Julai 1995 hapa hapa kwetu, raundi ya kwanza ya CCM ilitoka Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Ofisi ya walimu tuliandika namba hizo nyuma ya daftari la mahudhurio, na mwenzetu mmoja akaanza kushangilia. Nikamwambia ajumlishe kwanza: 1,329, nusu yake inazidi 664. Hakuna aliyefika. Wakarudia wawili, Mkapa 686, Kikwete 639. Aliyeongoza asubuhi hakuwa mgombea jioni. Cruz anaiombea siku ya namna hiyo. 

SWALI: Mwalimu, Sanders kashinda majimbo saba kati ya manane kabla ya New York, lakini pengo lake na Clinton halizibiki. Wanamwibia?
Mwanachuo, UDOM

JIBU: Hawamwibii, wanagawana. Democrat, chama ambako Sanders na Clinton wanashindania tiketi, wanagawa wajumbe kwa uwiano wa kura kila mahali, ilimradi mgombea afikishe asilimia 15. Wyoming, Sanders alipata karibu asilimia 56. Jimbo lina wajumbe 14 wa kugawana. Wakatoka saba kwa saba! Kashinda, hakuongeza hata mmoja. Kwa kanuni hiyo, anayetangulia mapema hafikiwi kwa ushindi mwembamba. Inabidi umpige sana, tena kwenye majimbo makubwa, na New York alipigwa yeye. Manung'uniko yako yana haki kwenye jambo moja: mwaka huu wa 2016 wapo wajumbe zaidi ya 700, viongozi na wabunge wa chama, wasiofungwa na kura ya mtu yeyote, na wengi wao wako kwa Clinton. Hao mimi nawaandika kwa penseli, nawe fanya hivyo hivyo. Tarehe 26 kuna 384 wa kugawana. Angalia tofauti, usiangalie nani kashinda.

SWALI: Hao wajumbe wa Marekani wanalipwa posho kiasi gani? Nauliza kwa nia njema tu.
Mjumbe wa shina, Bahi

JIBU: Nia njema nimeiona. Kwa kawaida mjumbe hujilipia mwenyewe nauli, hoteli na chakula, na wengine hupitisha michango kwa ndugu na marafiki ili wafike. Usiwaambie wenzako wa shina, watakataa kuamini. Na kama utakesha kusubiri matokeo ya tarehe 26, vituo vya huko vinafungwa saa 2 usiku wao, ambayo kwetu ni saa 9 usiku wa kuamkia Jumatano. Jumatano ni siku ya kazi.