Jibu: Wakilipwa, miti itadumu?

Ndugu yangu, umeuliza kama wakulima wa kandokando ya ziwa wakilipwa wataacha matete yaote na kutunza miti. Wataacha, ila angalia hela inatoka lini. Huku Magu, kando ya Ziwa Victoria, mradi mmoja ulitulipa siku ya kupanda tu. Kiangazi miche ikakauka ikiwa bado na vipande vya viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, mizizini. Lipeni kidogo mwanzoni, kubwa baada ya mwaka, kwa mti ulio hai.

Halafu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kudhuru mazingira ndani ya mita 60 toka ziwani. Sawa kabisa, lakini kwenye ukanda huohuo wenye unyevu ndiko mama anakovuna mchicha wa kununulia watoto madaftari. Fidieni tuta lake la mchicha kwanza, ndipo mwongee naye habari za miti.